Jinsi ya kuhakiki skana ya plagini kabla hujaifuta au kuiamini: mwongozo kamili kwa maprodyuza

Ujumbe ninaopokea kuhusu skana za plagini, yaani programu ndogo zinazoorodhesha ala na efekti za ziada (plagini) za programu ya muziki, huwa wa aina mbili. Aina ya kwanza hutoka kwa mtu aliyefungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazotembea, akakuta jina asilolijua kama VstScan.exe au PluginManager.exe, akaogopa, akafuta. Kesho yake programu ya muziki haioni plagini hata moja, na mteja anasubiri miksi. Aina ya pili huniumiza zaidi: mtu alipakua skana mahali fulani, jina likafanana na lile analolijua, akaifungua, na siku mbili baadaye chaneli yake ya YouTube iko mikononi mwa mtu mwingine.

Hawa wawili wamefanya kosa lilelile: walihukumu kwa jina. Jina la faili ni kama jina lililoandikwa kwenye fulana, anayevaa ndiye anayechagua. Mwongozo huu utakupitisha kwenye mambo manne yaliyo magumu kughushi: faili linakaa wapi, nani ameliwekea saini, alama yake ya kidole ni ipi, na linafanya nini likiwa kazini.

## Elewa hili kabla ya kuanza

Skana ya plagini haitafuti virusi. Neno "kuskani" limewapotosha wengi hapa. Kazi ya skana hii ni kupita kwenye folda za plagini, kufungua plagini mojamoja, kuiuliza jina lake na aina yake, kama ni ala au ni efekti, kisha kuandika majibu kwenye orodha ili siku nyingine programu kuu, ile unayotengenezea muziki, ifunguke haraka. REAPER, kwa mfano, huweka orodha ya namna hiyo kwenye faili liitwalo reaper-vstplugins64.ini.

Mara nyingi skana hutengwa na programu kuu kwa makusudi. Plagini mbovu ikianguka wakati wa kuskaniwa, huanguka pamoja na skana, na programu kuu inabaki imesimama. Kwa hiyo kuona jina la pili kwenye Task Manager unapofungua programu yako ya muziki ni jambo la kawaida.

Hatari iko kwenye lile neno "kufungua". Plagini ni programu kamili. Ikifunguliwa, inatembea kwa haki zilezile ulizonazo wewe: inaweza kusoma folda zako, kuwasiliana na intaneti, kuandika kwenye diski. Skana halali, yenye saini safi, inaweza kuwa ndiyo iliyoamsha plagini yenye virusi. Wanaoishia hatua ya tatu ya mwongozo huu, kisha wakaniandikia tena baada ya mwezi, karibu wote walisahau jambo hili.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenyewe (Windows 10 au 11, au Mac) na akaunti yenye haki za msimamizi.
- Jina kamili na toleo la programu yako kuu: siyo "FL" tu, bali FL Studio toleo gani, siyo "Cubase" tu, bali Cubase namba ngapi.
- Process Explorer na Autoruns, kwa watumiaji wa Windows. Ni zana za Sysinternals, zinatolewa bure na Microsoft, na ni megabaiti chache tu. Zipakue kwenye tovuti ya Microsoft, si kwingine.
- Simu iliyo salama. Ukigundua jambo baya, nywila zako utazibadilisha huko.
- Diski ya nje au flashi tupu ya kuhifadhia projekti.
- Karatasi na kalamu, au sehemu ya kuandika kwenye simu.

Tenga saa moja. Na kama kuna sesheni ya mteja leo, iahirishe au tumia mashine nyingine, maana kazi hii ikifanywa kwa haraka huishia kwenye kubahatisha.

## Hatua ya 1: Usifute, usifungue, usiruhusu

Faili likiwa tayari linatembea, liache kwanza. Likiwa bado liko kwenye Downloads, usilibofye mara mbili, hata "kuona tu". Na antivairasi ikiwa imelizuia, usibofye kitufe cha kuliruhusu.

Ukifuta mapema unapoteza ushahidi: hutajua lilikuwa wapi, liliwekwa na nani, wala kama lina mwenzake aliyebaki. Na kama lilikuwa halali, umevunja programu yako kuu, na itabidi uisakinishe upya kwa bando ambalo hukulipanga.

Hatua hii imekamilika ukiwa na jina la faili karatasini, herufi kwa herufi, na hujagusa kingine chochote.

## Hatua ya 2: Tafuta makazi ya faili

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda kichupo cha Details, tafuta jina, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Open file location. Folda itakayofunguka ndiyo makazi yake. Nakili njia nzima karatasini.

Kabla ya kusoma jina, washa kwanza uonyeshaji wa viambishi vya mafaili: kwenye File Explorer, fungua View, kisha Show, halafu weka tiki kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 tiki hiyo iko ndani ya View moja kwa moja. Bila hivyo, faili liitwalo "skana.pdf.exe" litaonekana "skana.pdf", na utalifungua ukidhani ni maelezo.

Haya ni baadhi ya makazi yanayojulikana:

- PluginManager.exe ya FL Studio hukaa ndani ya folda ya Image-Line, kwenye System\Tools.
- VstScan.exe ya Cakewalk hukaa C:\Program Files\Cakewalk\Shared Utilities.
- vstscanner ya Cubase hukaa ndani ya folda ya Steinberg.
- Kwenye Mac, kihakiki cha plagini za Audio Units ni cha Apple wenyewe, kinaitwa auvaltool, na hukaa /usr/bin.

Folda ya Program Files ina faida moja kubwa: kuandika ndani yake kunahitaji haki za msimamizi. Virusi vingi havipati haki hizo kirahisi, hivyo hupenda kujificha AppData\Local\Temp, AppData\Roaming, Users\Public, au kwenye folda ya ProgramData yenye jina la herufi zisizo na maana. Ukikuta VstScan.exe ndani ya Temp huku Cakewalk hujawahi kuisakinisha, una sababu nzuri ya kushtuka.

Hata hivyo, AppData peke yake si hukumu. Zipo programu halali zinazojisakinisha huko kwa sababu mtumiaji hakuwa na haki za msimamizi. Chukulia makazi kama dalili moja, kisha endelea.

Angalia pia herufi. Herufi kubwa ya "i" na herufi ndogo ya "L" hufanana sana kwenye skrini. Nakili jina, libandike kwenye Notepad, ubadilishe fonti; tofauti itajitokeza.

Ukimaliza hapa, uwe na njia kamili ya faili, na uweze kusema ni mali ya programu ipi uliyoisakinisha mwenyewe. Ukishindwa kuitaja programu hiyo, faili hilo ni mtuhumiwa.

## Hatua ya 3: Soma saini ya kidijitali

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii. Kampuni inapotoa programu huiwekea saini kwa cheti kilichotolewa na mamlaka inayotambuliwa. Saini hiyo imefungwa kwenye yaliyomo ndani ya faili. Mtu akibadilisha hata baiti moja, saini inavunjika.

### Kwenye Windows

Bofya kitufe cha kulia kwenye faili, chagua Properties, kisha kichupo cha Digital Signatures. Chagua jina lililopo, bofya Details. Juu kabisa unatakiwa kusoma kwamba saini iko sawa: "This digital signature is OK."

Watu wengi wanakosea hapa. Wanaona kichupo kipo, wanaona jina la kampuni, wanaridhika. Kichupo kuwepo hakutoshi, kwa sababu faili lililokrakiwa, yaani lililovunjwa ulinzi wake ili litumike bila kulipia, mara nyingi hubaki na saini ya zamani ambayo tayari imevunjika. Lazima ubofye Details usome maneno yenyewe.

Njia ninayoipenda zaidi ni PowerShell, kwa sababu haina utata. Fungua PowerShell, andika amri hii ukiweka njia yako:

Get-AuthenticodeSignature "C:\njia\ya\faili.exe" | Format-List

Tazama mstari wa Status:

- Valid: saini iko sawa. Sasa soma ni ya nani. Faili la Cubase liwe la Steinberg Media Technologies GmbH. La REAPER liwe la Cockos Incorporated. Saini halali ya kampuni usiyoijua kabisa, kwenye faili linalojiita la Steinberg, ni ishara mbaya.
- NotSigned: hakuna saini. Zipo skana ndogo za watengenezaji binafsi zisizo na saini kwa sababu cheti hugharimu pesa kila mwaka. Usihukumu bado, lakini hatua ya 4 na ya 5 sasa ni za lazima. Kama ni la kampuni kubwa na halina saini, hapo hukumu.
- HashMismatch: faili lilisainiwa, kisha likabadilishwa. Simama hapo. Usitafute maelezo ya kuliokoa, nenda moja kwa moja hatua ya 7.

### Kwenye Mac

Fungua Terminal. Kwa programu iliyokwisha sakinishwa:

spctl -a -vv /Applications/JinaLaProgramu.app

Jibu zuri lina neno "accepted" na mstari "source=Notarized Developer ID", maana yake Apple wameipitisha kwenye ukaguzi wao wa kiotomatiki na mtengenezaji anajulikana kwao. Kama bado una kifurushi cha usakinishaji, tumia:

pkgutil --check-signature JinaLaKifurushi.pkg

Kwa auvaltool, andika codesign -dvv /usr/bin/auvaltool. Mnyororo wa saini unatakiwa kuishia Apple Root CA.

### Onyo kuhusu saini

Saini inathibitisha mtoaji, haithibitishi usalama wa moja kwa moja. Mwaka 2017, toleo la CCleaner 5.33 lilisambazwa na kampuni yenyewe, likiwa na saini halali, na bado lilikuwa na virusi vilivyopenyezwa kabla ya kusainiwa. Watumiaji wapatao milioni 2.27 walilipakua. Matukio ya aina hii ni machache, na kwako kama prodyuza hatari kubwa bado ni kraki. Lakini ndiyo sababu hatuishii hapa.

## Hatua ya 4: Chukua alama ya kidole ya faili

Kila faili lina heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo ndani yake. Heshi ya SHA-256 ina herufi na tarakimu 64. Mafaili mawili yaliyo sawasawa hutoa heshi moja; ukibadilisha kitu kidogo tu, heshi inageuka yote.

Windows: Get-FileHash "C:\njia\ya\faili.exe"

Mac: shasum -a 256 /njia/ya/faili

Kama mtengenezaji ameandika heshi kwenye ukurasa wake wa kupakulia, linganisha. Zikifanana, umepata faili lilelile alilolitoa. Programu huria nyingi huandika heshi; kampuni za plagini za kulipia mara nyingi haziandiki.

Kisha nakili heshi, fungua tovuti ya VirusTotal, nenda sehemu ya Search, ubandike. Watu hupakia faili zima, wanaunguza bando bure, ilhali heshi ni mstari mmoja tu. Kama faili limewahi kukaguliwa na mtu mwingine, majibu ya antivairasi karibu 70 yatatokea papo hapo.

Namna ya kuyasoma majibu:

- Sifuri, na faili limejulikana kwa miezi au miaka: nzuri sana.
- Moja hadi matatu kati ya yote, yakitoka kwa antivairasi ndogo, kwa majina ya jumlajumla kama "Generic" au yenye herufi "ML": mara nyingi ni kengele ya uongo, hasa kwa faili lisilo na saini. Subiri siku mbili, ulikague tena.
- Kumi au zaidi, na majina kama "Stealer", "Miner" au "Trojan" yanajirudia: usibishane nayo.
- Heshi haijulikani kabisa: hii haimaanishi salama. Skana ya Cubase inayotumiwa na watu dunia nzima haiwezi kuwa haijawahi kuonekana na yeyote.

Jihadhari na ukubwa. VirusTotal hupokea mafaili hadi megabaiti 650. Wanaosambaza programu za kuiba nywila wanalijua hilo, hivyo hulijaza faili takataka mpaka lizidi hapo. Skana ya plagini ni kitu kidogo. Ukiikuta ina megabaiti 700, jiulize zimejaa nini. Vivyo hivyo na faili la zip lenye nywila iliyoandikwa pembeni. Nywila ile inaizuia antivairasi isichungulie ndani, haina kazi nyingine.

## Hatua ya 5: Itazame ikiwa kazini

Fanya hatua hii kwa faili lililokwisha kupita zile tatu zilizotangulia, au ambalo tayari lilikuwa linatembea. Usiwashe mtuhumiwa mpya kwenye mashine ya kazi. Mwenye Windows Pro anaweza kuwasha Windows Sandbox akamjaribia humo. Toleo la Home halina.

Fungua Process Explorer. Kwenye Options, washa Verify Image Signatures, kisha fungua programu yako ya muziki na uanzishe uskanaji. Kwenye FL Studio ni Options, Manage plugins, halafu Find installed plugins.

Skana halali huonekana hivi:

- Imening'inia chini ya programu kuu kwenye mti wa Process Explorer, kama mtoto chini ya mzazi. Iliyokaa peke yake au chini ya kitu kingine inahitaji maelezo.
- Prosesa hupanda na kushuka kadiri plagini zinavyopita. Baadhi ya plagini nzito huchukua sekunde nyingi.
- Uskanaji ukiisha, skana inajifunga.
- Ukiwasha upya kompyuta bila kufungua programu ya muziki, haipo.

Hoja ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Skana haina sababu yoyote ya kuamka pamoja na kompyuta. Fungua Autoruns, kwenye Options washa Hide Microsoft Entries, kisha kagua vichupo vya Logon na Scheduled Tasks. Ukiikuta skana humo, na hasa kama njia yake inaelekea Temp au Roaming, umeshapata jibu.

Lakini usichanganye skana na huduma za leseni. Huduma ya PACE inayoshughulikia iLok, WavesLocalServer ya Waves, na NTKDaemon ya Native Instruments ni halali zikisimama kwenye makazi yake na saini yake, na zipo nyuma ya pazia muda wote. Nimewahi kumsaidia kijana aliyezifuta zote usiku mmoja akidhani anasafisha virusi. Asubuhi plagini alizonunua kwa pesa yake hazikufunguka.

Mwisho, andika resmon kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na ufungue kichupo cha Network. Wakati wa uskanaji unaweza kuona mawasiliano mafupi, kwa kuwa baadhi ya plagini huuliza seva ya leseni. Usichotarajia ni data inayotoka mfululizo, au mawasiliano yanayoendelea baada ya programu kuu kufungwa. Zipo programu hasidi zinazotulia mara tu ukifungua Task Manager, kwa hiyo sikiliza pia feni: ikivuma ukiwa hufanyi kitu na kunyamaza kila unapofungua dirisha la kukagua, hiyo ni dalili.

## Hatua ya 6: Kagua plagini zenyewe

Skana imepita. Sasa angalia inachokifungua.

Juni 2019, kampuni ya usalama ya ESET ilichapisha uchunguzi kuhusu kitu walichokiita LoudMiner. Tovuti moja ilikuwa na programu 137 zinazohusiana na VST (muundo wa plagini unaotumika sana), 42 za Windows na 95 za macOS, na kikoa chake kilisajiliwa Agosti 2018. Programu za muziki zilizokrakiwa zilisakinishwa pamoja na kompyuta bandia iliyojificha ndani, ikiendeshwa kwa VirtualBox kwenye Windows na QEMU kwenye Mac, ikichimba sarafu ya kidijitali ya Monero usiku na mchana.

Fikiria kwa nini walichagua maprodyuza. Mashine zetu zina prosesa zenye nguvu. Tumezoea feni kuvuma na prosesa kufika juu, tunasema ni ile rivabu nzito. Na vifurushi vyetu vya usakinishaji ni vikubwa kwa kawaida, hivyo gigabaiti moja ya ziada haimshtui mtu. Mazoea yetu ya kazi ndiyo yaliyokuwa maficho.

Fungua folda hizi uone kama kila kilichomo unakijua:

- Windows: C:\Program Files\Common Files\VST3, na folda ya VstPlugins unayoitumia.
- Mac: /Library/Audio/Plug-Ins, kisha Components, VST na VST3. Kuna folda kama hiyo pia ndani ya Library ya akaunti yako.

Zipange kwa tarehe. Plagini iliyoingia siku ambayo matatizo yalianza ipewe kipaumbele. Zipitishe hatua ya 3 na ya 4 kama ulivyofanya kwa skana: plagini ya VST2 ni faili la dll, na ile amri ya saini inaisoma vilevile. VST3 wakati mwingine ni folda; ingia mpaka ulikute faili lenyewe.

Kisha fungua maelekezo yaliyokuja na plagini. Maelekezo yakikutaka uzime antivairasi, uongeze folda kwenye orodha ya kutokaguliwa, au kwenye Mac uandike sudo spctl --master-disable, huyo aliyeyaandika anakuomba umfungulie mlango na uondoke. Plagini iliyonunuliwa kwa mtengenezaji haihitaji hayo ili isakinishwe.

Najua bei za plagini kwa anayelipwa kwa biti mojamoja, iwe Manzese au Kayole. Ndiyo sababu natamani watu wajue zilizopo za bure na halali: Vital ina toleo la bure, Surge XT na Dexed ni programu huria, Valhalla Supermassive ni bure. Toleo la majaribio la FL Studio halina ukomo wa siku. Huwezi tu kufungua tena projekti uliyohifadhi mpaka ununue. REAPER inakupa siku 60 ukiwa na kila kitu, na leseni yake ya punguzo, kwa matumizi binafsi au biashara ndogo, ni dola 60.

## Hatua ya 7: Toa uamuzi

Rudi kwenye karatasi yako.

Yote yamekubali: makazi sahihi, saini Valid ya kampuni husika, heshi inayojulikana, tabia njema, plagini unazozijua. Iache. Antivairasi ikiendelea kuipigia kelele, ruhusu faili hilo moja tu, usiruhusu folda nzima, na kamwe usiruhusu Downloads.

Moja lina shaka: mara nyingi ni saini inayokosekana. Ondoa skana hiyo kwa njia ya kawaida ya kuondoa programu, kisha ipakue upya kwa mtengenezaji. Linganisha heshi ya mpya na ya zamani. Zikitofautiana ilhali toleo ni lilelile, chukulia ile ya kwanza kuwa mbaya.

HashMismatch, au mawili na zaidi yamekataa: fuata mpangilio huu bila kuuvuruga.

1. Kata intaneti. Zima Wi-Fi, chomoa waya.
2. Chukua simu, ukitumia data ya simu badala ya Wi-Fi ya studio. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa sababu nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo. Kisha YouTube, mitandao ya kijamii, na huduma unayosambazia muziki. Kwenye kila akaunti chagua kutoka kwenye vifaa vyote, kwa kuwa programu za kuiba huchukua pia vidakuzi vya kivinjari, na mwenye kidakuzi anaingia bila nywila. Kwenye WhatsApp, ondoa vifaa vilivyounganishwa.
3. Hifadhi kazi zako kwenye diski ya nje: wav, mid, na mafaili ya projekti kama flp. Usinakili exe, dll wala vst3 hata moja.
4. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, kisha Exclusions. Futa kila usichokitambua. Hatua hii husahaulika sana: virusi vinaondoka, mlango unabaki wazi.
5. Kwenye Scan options chagua Microsoft Defender Antivirus offline scan. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa dakika kama 15.
6. Kama kilichopatikana ni cha kuiba nywila au cha kuruhusu mtu kuingia kwa mbali, sakinisha Windows upya. Ni kazi ya siku nzima, naijua, lakini hakuna namna nyingine ya kuiamini mashine hiyo tena.

Baada ya usakinishaji mpya, usirudishe plagini zote kwa mkupuo. Weka tano, skani, fanya kazi siku moja, weka tano nyingine. Likitokea tatizo utajua liko kwenye kundi lipi. Na siku hiyohiyo ya kwanza, mashine ikiwa bado safi, chukua heshi ya skana yako uiandike pamoja na toleo la programu kuu. Antivairasi ikipiga kelele miezi sita ijayo, na toleo halijabadilika, utalinganisha mistari miwili tu na kurudi kwenye miksi.